Umeme Pumzi Inapotoka: Mwongozo Kamili wa Kusisimua Misuli ya Tumbo kwa Mgonjwa wa Mashine ya Kupumulia

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima kiwambo cha kifua, yaani dayaframu, cha watu 14 ambao ubongo wao ulikuwa umekufa na waliokuwa wakipumuliwa na mashine. Walikuwa wamekaa kwenye mashine saa 18 hadi 69 tu. Nyuzi za msuli wao zilikuwa zimekonda kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliopumuliwa kwa saa mbili tatu za upasuaji. Sasa mfikirie mgema aliyeanguka mnazini Kilifi, shingo ikavunjika, akaletwa Mombasa, na leo anatimiza wiki ya tano kitandani akiwa na bomba la kooni. Au abiria wa bodaboda, au mama aliyeingia na nimonia kali, mapafu yakapona lakini kila akitolewa mashine anachoka baada ya dakika kumi.

Kinachokonda si kiwambo peke yake. Misuli ya tumbo, inayosukuma hewa nje na kumpa mtu kikohozi chenye nguvu, nayo imelala muda wote huo, na ndiyo inayosahaulika. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuiamsha kwa umeme kupitia ngozi. Umeandikwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia na muuguzi wa wodi ya mahututi, na kwa ndugu wa mgonjwa anayetaka kuelewa kinachofanywa. Ndugu asijaribu peke yake. Kabla ya yote daktari anayemsimamia mgonjwa akubali na aandike kwenye faili.

Kwa nini tumbo, na si kiwambo chenyewe

Kiwambo huendeshwa na neva ya freniki, inayotoka kwenye ugwe wa mgongo usawa wa C3, C4 na C5 (C ni pingili za shingo, T za kifua, L za kiuno), ikapita shingoni na kushuka kifuani. Kuisisimua kwa umeme kunawezekana. William Glenn wa Chuo Kikuu cha Yale alianza kazi hiyo miaka ya 1960, na Christopher Reeve, mwigizaji wa Marekani aliyevunjika shingo, aliwekewa waya za kiwambo mwaka 2003. Lakini hiyo ni kazi ya chumba cha upasuaji, na haimfai kila mtu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wagonjwa wa ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli polepole, waliowekewa kifaa hicho walikufa mapema kuliko wenzao ambao hawakuwekewa. Kubandika elektrodi shingoni ili kuifikia freniki kwa nje nako si jambo la kujaribia wodini: hapo hapo pana mshipa mkuu wa damu wenye vihisio vya shinikizo, na ukivigusa kwa umeme mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla.

Tumbo ni jepesi. Neva zake hutoka usawa wa T6 hadi L1, msuli uko karibu na ngozi, na eneo ni pana. Tumbo likikaza wakati pumzi inatoka, linakisukuma kiwambo juu, hewa nyingi zaidi inatoka, na kiwambo kinaanza pumzi inayofuata kikiwa kimenyooka vizuri zaidi kwa kuvuta. Halafu kuna kikohozi, ambacho kwa mgonjwa wa trakeostomi, yaani mwenye tundu la kupumulia lililokatwa shingoni, ndicho kinachoamua kama atarudi kwenye mashine au la.

Nani anafaa, nani haguswi

Umeme huu haufanyi msuli ukaze moja kwa moja. Unaamsha neva, na neva ndiyo inayokaza msuli. Neva ikiwa imekufa, hakuna kitu. Kwa hiyo mgonjwa aliyeumia C4 anajibu vizuri: mawasiliano ya ubongo na tumbo yamekatika, lakini neva za tumbo zenyewe ni nzima. Aliyevunjika T9 anaweza asijibu, kwa kuwa jeraha liko palepale neva zinapoanzia. Mgonjwa wa Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva, mwenye neva zilizoharibika hatajibu kwa sasa. Aliyedhoofika kwa sababu ya ugonjwa mkali na dawa za usingizi anajibu, lakini taratibu.

Usimbandike mgonjwa mwenye kifaa cha kuendesha moyo au cha kushtua moyo, mjamzito, mwenye kidonda kibichi au mshono mpya wa tumbo, mwenye saratani eneo hilo, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mwenye uti wa mgongo ambao haujafungwa imara, wala mwenye ngozi iliyochubuka pale elektrodi zinapokaa. Subiri pia kama mapafu bado yanahitaji msaada mkubwa. Mpaka wetu ni oksijeni inayotolewa na mashine isiyozidi asilimia 60 na PEEP, lile shinikizo linalobaki mapafuni mwisho wa pumzi, isiyozidi sentimita 10 za maji. Juu ya hapo, tumbo likikaza linaweza kuyafunga mapafu ambayo mashine inahangaika kuyafungua.

Mgonjwa awe macho. Aliyelazwa kwa dawa ya usingizi kama propofol anaweza kusisimuliwa, lakini hajifunzi kitu, na hawezi kukuambia kwamba panaungua.

Vifaa

Tafuta mashine ya kusisimua misuli ya njia mbili au nne, ya betri, inayokuruhusu kuweka mwenyewe marudio, upana wa pigo, muda wa kupanda (muda ambao umeme unachukua kufikia nguvu kamili) na nguvu, na yenye tundu la swichi ya mkononi. Swichi hiyo ndiyo roho ya kazi yote, na sababu itaelezwa chini. Vile vibandiko vidogo vya kutuliza maumivu ya mgongo vinavyouzwa madukani havifai: havina swichi, nguvu yao ni ndogo, na vingi vinatoa umeme mfululizo bila kujali pumzi.

Tunasisitiza ya betri kwa sababu mashine iliyochomekwa ukutani huku imeungana na mwili wa mgonjwa ni hatari umeme ukikatika na jenereta kushika kwa kishindo. Mombasa hilo halihitaji maelezo. Na kwa sababu hiyohiyo, mfuko wa Ambu, ule wa kumpumulisha mtu kwa mkono, uwe kando ya kichwa cha mgonjwa kabla hujaanza, umeshajaribiwa kwa mkono.

Vingine: elektrodi nne za kubandika zenye ukubwa wa sentimita 5 kwa 9, mashine ya kufyonza makohozi ikiwa tayari, kipimo cha shinikizo la puto la bomba la kooni, mkasi au mashine ya kupunguza nywele, maji, sabuni isiyo na manukato na taulo kavu. Elektrodi ni za mgonjwa mmoja. Andika jina lake na tarehe kwenye mfuko wake.

Kumtayarisha mgonjwa

Panga kipindi angalau saa moja baada ya mgonjwa kulishwa kwa mpira wa puani. Tumbo lililojaa uji likibanwa, uji unapanda, na kinachopanda kinaweza kuingia mapafuni. Kama chakula kinapita kwa matone mfululizo, kisimamishe nusu saa kabla. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30. Pima puto la bomba: liwe kati ya 20 na 30 za sentimita za maji. Fyonza makohozi. Hakikisha mpira wa mkojo haujajikunja, hasa kwa aliyeumia ugwe wa mgongo.

Sasa ngozi, na hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Ndugu wa Pwani humpenda mgonjwa wao kwa mafuta. Anapakwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, ngozi inang'aa, na ni jambo jema kwa ngozi ya mgongo inayolaliwa. Lakini mafuta huzuia umeme. Elektrodi ikibandikwa juu ya ngozi ya mafuta, inashika sehemu na kuachia sehemu, umeme wote unapita pale iliposhika, na mgonjwa anapata alama nyekundu iliyochomeka. Waombe ndugu waache ubavu na tumbo bila mafuta siku za mazoezi, wapake mgongo, miguu na visigino. Osha kwa maji na sabuni, suuza, kausha kwa kugusagusa taulo. Jasho nalo: miezi ya joto la kaskazi ngozi inalowa tena ndani ya dakika chache, kwa hiyo elekeza feni tumboni dakika tano kabla ya kubandika.

Nywele zipunguzwe, zisinyolewe kwa wembe. Mkwaruzo mdogo wa wembe unakuwa njia ya mkato ya umeme.

Mfunike mgonjwa. Vuta pazia, weka leso kifuani na nyingine kuanzia nyonga kushuka, acha ubavu tu wazi. Kama mgonjwa ni mwanamke, mhudumu awe mwanamke, au awepo muuguzi wa kike pamoja naye.

Kisha zungumza naye. Puto likiwa limejaa mgonjwa hana sauti, basi kubalianeni ishara: kupepesa macho mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana, kufumba kwa nguvu ni simamisha. Zijaribuni mara tatu kabla ya umeme. Mwambie kwa maneno mafupi: "Mzee wangu, utahisi kama vidole vinakutekenya ubavuni, halafu tumbo litajikaza lenyewe. Likijikaza, wewe toa pumzi. Ukichoka, fumba macho." Mtu anayejua kinachokuja hajikazi kwa hofu, na asiyejikaza kwa hofu hapigani na mashine.

Kubandika elektrodi

Mbili kila upande wa mwili. Tafuta kwa kidole ukingo wa chini wa mbavu, ubavuni, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya kwapa. Elektrodi ya kwanza ikae vidole viwili chini ya ukingo huo, ikilala kufuata mbavu. Ya pili ikae juu kidogo ya kilele cha mfupa wa nyonga, mstari uleule. Kati yake pabaki angalau sentimita 4, zisigusane. Njia ya kwanza ya mashine iende upande wa kulia, juu na chini. Njia ya pili upande wa kushoto, juu na chini. Usiunganishe waya moja kulia na nyingine kushoto, maana umeme utakatiza mwili kutoka ubavu hadi ubavu, na huko siko unakotaka upite. Usibandike kifuani kabisa.

Ukiwa na mashine ya njia nne na mgonjwa mwembamba, unaweza kuongeza misuli miwili ya katikati, sentimita 3 kila upande wa kitovu. Lakini anza na ubavu. Misuli ya ubavuni imezunguka tumbo kama mkaja wa mzazi, ikikaza inabana kutoka pande zote. Ile ya katikati ikikaza peke yake humkunja mtu.

Bonyeza kila elektrodi kwa kiganja chako kwa sekunde 30 ili gundi ipate joto na kushika hadi kwenye kona.

Kuweka mashine ya umeme

Mawimbi ya pande mbili yaliyosawazishwa. Marudio hezi 30, yaani mapigo 30 kwa sekunde. Upana wa pigo mikrosekunde 300. Muda wa kupanda uwe mfupi kabisa, kati ya sifuri na nusu sekunde.

Hezi 30 zinatosha kuunganisha mapigo yawe mkazo mmoja laini. Chini ya 10 msuli unatikisika tu na hausukumi hewa. Kwenye 50 unakaza vizuri lakini unachoka upesi, na mgonjwa wako hana akiba. Kuhusu muda wa kupanda, mashine nyingi za fiziotherapia huja zimewekwa sekunde mbili, zinazofaa goti lakini si pumzi: sekunde mbili ndiyo karibu pumzi nzima inayotoka, kwa hiyo nguvu inafika kileleni wakati mgonjwa anaanza kuvuta. Angalia pia kitabu cha mashine, maana nyingine zinahesabu muda wa kupanda ndani ya muda wa kuwaka na nyingine zinauongeza juu yake.

Kutafuta nguvu inayofaa

Anza miliampia 10, upande mmoja. Bonyeza swichi pumzi inapotoka, angalia, gusa ubavu kwa kiganja. Panda kwa 5. Kwanza mgonjwa mwenye hisia atakuambia anasikia mtekenyo. Baadaye utaona ngozi inacheza. Kisha utahisi chini ya kiganja ukuta wa tumbo ukigeuka kuwa mgumu kama unga wa chapati uliokandwa sana. Hapo umefika. Kwa wengi ni kati ya 40 na 80. Rudia upande wa pili, na usishangae pande mbili zikitaka nguvu tofauti.

Mgonjwa aliyevimba maji mwilini anahitaji zaidi, kwa kuwa umeme unatawanyika majini kabla ya kuifikia neva. Mwenye kitambi vilevile. Ukifika 100 bila mkazo wowote, usiendelee kupanda. Toa elektrodi, zijaribu kwenye mkono wako kwa nguvu ndogo. Mkono ukicheza, kifaa ni kizima na tatizo liko kwenye neva za mgonjwa au mahali ulipobandika. Sogeza sentimita 2 kwenda mbele, jaribu tena mara moja. Ikishindikana, andika kwenye faili kwamba hajibu, na jaribu tena baada ya wiki mbili.

Kipindi chenyewe: kuipata pumzi

Tumbo lazima likaze hewa inapotoka. Likikaza hewa inapoingia, unapigana na mashine inayomweka mgonjwa hai.

Kwenye kioo cha mashine ya kupumulia tafuta mchoro wa mwendo wa hewa. Hewa ikiingia mstari uko juu ya sifuri, ikitoka unashuka chini ya sifuri. Bonyeza swichi mara tu mstari unapokatiza kwenda chini, shikilia kwa sekunde moja, achia. Mkono wako utachelewa kama robo ya sekunde, na ucheleweshaji huo hauna madhara. Kama mashine haina mchoro, sikiliza valvu ya kutolea hewa inapofunguka na tazama kifua kinapoanza kushuka. Sema kwa sauti ya chini, "Vuta… toa," ili mgonjwa naye atie nguvu yake pale pale. Umeme unaoungana na jitihada ya mgonjwa ni mazoezi. Bila jitihada ni msuli unaochezeshwa tu.

Kwa nini tusiiache mashine ihesabu yenyewe? Chukua mgonjwa anayepumuliwa mara 15 kwa dakika. Kila pumzi ni sekunde 4, na uwiano ukiwa moja kwa mbili, sekunde 1.3 za kuingia na 2.7 za kutoka. Unaweka mashine ya umeme iwake sekunde 1 na ipumzike 3. Kwenye karatasi zinalingana. Lakini tuseme saa yake imezidi kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kila pumzi mkazo unasogea nyuma kwa hiyo 0.1. Baada ya pumzi 16, yaani dakika moja tu, mkazo umeanza kuangukia kwenye pumzi inayoingia. Na hiyo ni kwa mgonjwa asiyejivutia pumzi mwenyewe. Anayeanzisha pumzi zake hana mpangilio wa saa kabisa. Ndiyo maana swichi ya mkononi haina mbadala wodini. Zipo mashine maalumu zenye kihisio cha pumzi kinachofanya kazi hii. Ukiwa nayo, bado angalia kwa macho pumzi kumi za kwanza.

Siku ya kwanza sisimua pumzi moja, ruka moja, kwa dakika 5. Siku ya pili dakika 10. Kuanzia siku ya tatu au ya nne sisimua kila pumzi kama anavumilia. Ongeza hadi dakika 30, mara mbili kwa siku, siku tano za wiki. Kubonyeza swichi nusu saa kunachosha kidole na akili, kwa hiyo wawili wapokezane kila dakika kumi. Aliyechoka hukosea wakati.

Kila dakika tano soma VTe, ujazo wa hewa inayotoka. Mwanzoni mwa kipindi linganisha wastani wa pumzi kumi bila umeme na kumi zenye umeme. Hata ongezeko la mililita 50 ni jibu zuri. Likianza kupungua na kurudi karibu na pale lilipoanzia, msuli umechoka. Simama hata kama ulipanga dakika kumi zaidi. Umeme huziamsha mapema nyuzi kubwa zinazochoka haraka, na ukipandisha nguvu ili kuilazimisha unavuna maumivu ya kesho.

Yanayoharibika, na sababu yake

*Kengele ya shinikizo la juu inalia.* Umebonyeza hewa ikiingia. Kama mashine inaendeshwa kwa shinikizo badala ya ujazo, kengele inaweza isilie, utaona tu ujazo unaoingia umeshuka. Achia swichi, acha pumzi tatu zipite, anza upya. Ikiwa kengele inalia hata bila umeme, ni makohozi au bomba lililojikunja.

*Mashine inampa pumzi mbili mfululizo.* Tumbo linapoachia ghafla, mbavu zinajitanua, hewa kidogo inaingia, na mashine inadhani mgonjwa ameomba pumzi. Punguza nguvu kwa miliampia 5 hadi 10, achia swichi mapema kidogo. Isipokoma, mwombe daktari apandishe kizingiti cha kuanzisha pumzi kutoka lita 2 hadi 3 kwa dakika kwa muda wa kipindi, kisha kirudishwe.

*Monita ya moyo inachora vurugu.* Umeme wako unaingia kwenye waya za moyo na unaweza kufanana na mapigo yaliyoparaganyika. Usipuuze, na usikimbilie kuita watu wa kushtua moyo. Achia swichi. Tazama wimbi la kipimo cha oksijeni kidoleni na shika mapigo ya mkono. Vurugu ikiondoka umeme ukizimwa, ni kelele ya waya. Isipoondoka, ni moyo.

*Maumivu ya kuchoma sehemu moja.* Kona imebanduka au gundi imekauka. Elektrodi iliyoshika nusu inabeba umeme uleule kwenye nusu ya eneo. Gundi iliyokauka irudishie uhai kwa matone mawili ya maji. Kwa unyevunyevu wa Mombasa kosa la kinyume ni la kawaida zaidi: gundi inanyonya maji ya hewa, inavimba na kuteleza. Iache wazi mbele ya feni dakika kumi, na uihifadhi kwenye mfuko wake uliofungwa vizuri. Uwekundu sawasawa chini ya elektrodi unaoondoka ndani ya saa moja si tatizo. Unaobaki hadi kesho, hapo hapabandikwi mpaka papone.

*Shinikizo la damu linapaa kwa aliyeumia T6 au juu yake.* Hili ndilo la kuogopwa. Kichwa kinamuuma ghafla, uso unawiva na kutoa jasho, mapigo yanapungua, na shinikizo linapanda 20 hadi 40 juu ya kawaida yake. Kumbuka kwamba kawaida ya mgonjwa huyu huwa ya chini, 90 hadi 110, kwa hiyo 150 ambayo kwa mwingine ingekuwa jambo dogo kwake ni dharura. Zima umeme, bandua elektrodi, mkalishe wima, legeza kila kilichombana, kagua mpira wa mkojo kama umeziba, na umwite daktari hapohapo. Pima shinikizo la damu kabla ya kila kipindi, na siku za mwanzo kila dakika mbili wakati wa kipindi.

Kwa mgonjwa yeyote simamisha umeme oksijeni ya damu ikishuka chini ya asilimia 90, pumzi zikizidi 35 kwa dakika, shinikizo la juu la damu likizidi 180 au likishuka chini ya 90, au akifumba macho kwa nguvu kama mlivyokubaliana. Na umeme huu usitumike chumba kimoja na mashine ya joto la mawimbi mafupi ikiwa inawaka.

Umeme kwa ajili ya kikohozi

Elektrodi zikiwa bado mahali pake mwisho wa kipindi, zitumie kutoa makohozi. Jaza mapafu kwa mfuko wa Ambu, minyo miwili au mitatu mfululizo bila kuruhusu hewa itoke kama daktari ameridhia, kisha mwachie, na papo hapo bonyeza swichi kwa nguvu iliyozidi ya mazoezi kwa miliampia 10 au 20 huku mgonjwa akijaribu kukohoa. Vikohozi vitatu, fyonza, pumzisha dakika moja, rudia mara mbili. Ukiwa na kipimo cha kasi ya kikohozi, lita 160 kwa dakika ndiyo mpaka unaotumika sana: chini yake makohozi hayatoki yenyewe, na kumwondolea mgonjwa bomba ni kumtafutia nimonia nyingine.

Kumwachisha mashine

Umeme peke yake haumtoi mtu kwenye mashine. Uendeshwe sambamba na vipindi vya kupumua mwenyewe, kwa siku ileile, ila si saa ileile. Acha angalau saa mbili kati yake ili msuli usipelekwe kwenye mtihani umechoka. Kwa aliyeumia shingo, anza dakika 5 bila mashine, mara tatu kwa siku, ukiongeza akivumilia siku mbili mfululizo. Afanye akiwa amelala chali. Hili huwashangaza wengi waliozoea kumkalisha mgonjwa anayehema: kwa mwenye tumbo lililopooza, akilala matumbo yanakisukuma kiwambo juu na kukipa nafasi ya kuvuta, akikaa, tumbo linaanguka mbele na kiwambo kinabaki kimeshuka bila kazi. Ukitaka kumkalisha, mfunge mkaja kwanza, wa duka au leso mbili zilizokunjwa na kukazwa kati ya mbavu za mwisho na nyonga, bila kubana mbavu zenyewe.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya mazoezi, pima nguvu ya kuvuta pumzi kwa valvu ya njia moja, ukiziba kwa sekunde 20 hadi 25, na uandike tarakimu kubwa zaidi. Andika pia kasi ya kikohozi, wastani wa VTe bila umeme na wenye umeme, na dakika alizokaa bila mashine. Tarakimu nne kwenye karatasi moja iliyobandikwa ukutani, ndugu nao wazione. Zikikaa palepale wiki tatu mfululizo, acheni umeme mkae na daktari mtafute sababu kwingine: lishe, usaha uliofichika, dawa za usingizi za usiku, moyo.

Baada ya kila kipindi futa waya kwa kitambaa chenye spiriti na ukaushe vichwa vyake. Hewa ya bahari ina chumvi, na vichwa vya waya vikiota ukungu wa kijani umeme unakatikakatika, ukaanza kupandisha nguvu kwa kudhani mgonjwa amedhoofika.